Nyuzi za Nyama, na Jinsi Wataalamu Wanavyoziona

Mtu asimamaye karibu na kituo cha Longonot na kuutazama mlima ule huona mifereji mingi iliyochimbwa na mvua, ikishuka kutoka ukingo wa shimo la juu mpaka uwandani. Wamasai waliuita Oloonong'ot, maana yake mlima wenye migongo mingi. Mvua inyeshapo, maji hayapandi migongo ile, bali hufuata mifereji. Basi hata mtu ambaye hajauona mlima wenyewe, kama angeambiwa tu njia zilizopitwa na maji, angeweza kuchora sura yake. Twaomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa tutalirudia.

Sasa na tushuke mlimani twende buchani. Muuza nyama aijuaye kazi yake, kabla ya kutia kisu, hutazama kwanza nyuzi za nyama zaelekea wapi. Akikata kwa kufuata nyuzi, mlaji hupata vipande vyenye nyuzi ndefu, na meno yake huchoka. Akikata kwa kuzikingama, nyuzi huwa fupi na nyama hutafunika kwa urahisi, ijapokuwa ni ya ng'ombe yule yule. Na kila mpishi aliyechemsha nyama kwa muda mrefu amekwisha kuona jinsi inavyochambuka kama kamba ya katani.

Nyama ni nini hasa?

Nyama nyekundu tulayo ni misuli, nayo si donge lisilo na mpango. Musuli umefanywa kwa nyuzi nyembamba sana, na nyingi katika hizo hazizidi unene wa unywele. Nyuzi hukusanywa katika mafungu, kila fungu likavikwa utando, na mafungu yakafungwa pamoja na utando mwingine kwa nje. Mwishoni tando hizo huungana na kano, iliyoshikamana na mfupa. Uzi ukipewa amri na mshipa wa fahamu hujikunja ukawa mfupi, na hapo mfupa huvutwa. Uzi hauwezi kusukuma; kazi yake ni kuvuta tu, tena kwa kufuata urefu wake. Kwa hiyo anayejua nyuzi zimelala upande gani amekwisha kujua musuli ule unavuta wapi.

Mipango yake si mmoja. Iko misuli ambayo nyuzi zake ni ndefu na zimelala sambamba. Hiyo huvuta mwendo mrefu na kwa upesi. Iko mingine ambayo nyuzi zake ni fupi, nazo zimelala mshazari kando ya kano kama manyoya ya kuku yalivyopangwa kando ya uti wake. Mpango huo huwezesha nyuzi nyingi sana kukaa mahali padogo, hivyo musuli huwa na nguvu nyingi ingawa mwendo wake ni mfupi.

Katika nchi yetu jambo hili lilichunguzwa kwa bidii. Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na R. McNeill Alexander kutoka Uingereza na wenzao, walichapisha mwaka 1981 vipimo vya misuli ya miguu ya wanyama wa namna nyingi, wadogo kwa wakubwa hadi tembo. Mwaka 1982 walieleza habari za ngamia. Katika mguu wake wa nyuma uko musuli ambao nyuzi zake ni za milimita chache tu, hata umekuwa kama kamba moja ya kano itokayo pajani mpaka vidoleni. Ngamia akikanyaga, kamba ile hunyoshwa. Akiinua mguu, hujirudi kama mpira. Kwa njia hiyo mnyama hupunguza jasho la safari.

Lakini mpango wa ajabu kupita yote ni wa moyo. Nyuzi za nje zimezunguka mshazari kuelekea upande mmoja, za ndani zimezunguka kuelekea upande wa pili, na za katikati zimeuzunguka moyo kama mshipi. Moyo upigapo haubanwi tu kama mtu abanavyo chungwa, bali husokotwa pia, kama mama asokotavyo nguo aliyoifua ili kuikamua maji.

Njia za kuziona

Njia ya kwanza ilikuwa kisu na macho. Mwaka 1667 Niels Stensen wa Denmaki alitoa kitabu kilichoeleza mpango wa nyuzi za misuli kwa michoro ya hesabu. Katika karne hiyo hiyo Antoni van Leeuwenhoek wa Uholanzi alizitazama kwa hadubini, yaani chombo cha kukuza vitu vidogo, akaona kwamba uzi mmoja una mistari mingi iliyoukingama. Baadaye wataalamu walijifunza kukata nyama vipande vyembamba kuliko karatasi na kuvitia rangi. Mwaka 1969 Daniel Streeter na wenzake huko Marekani walichapisha vipimo vya mioyo ya mbwa iliyokatwa hivyo, wakaonyesha jinsi mshazari wa nyuzi unavyogeuka kidogo kidogo kutoka nje mpaka ndani.

Kazi hiyo ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: ili kuuona moyo, ilibidi kwanza uwe umetolewa na kukatwakatwa. Mgonjwa aliye hai hawezi kutazamwa kwa namna hiyo.

Hapa ndipo tunapourudia mlima Longonot. Nyama nyekundu karibu robo tatu yake ni maji, na chembe za maji hayo hazitulii hata kidogo. Ndani ya uzi, chembe husogea kwa urahisi kufuata urefu wake, bali zikielekea ubavuni huzuiwa na kuta za uzi. Mashine kubwa ya sumaku, itumikayo hospitalini kupiga picha za ndani ya mwili bila kisu, yaweza kupima maji yanasogea kwa urahisi kuelekea wapi katika kila sehemu ndogo ya mwili. Kisha kompyuta huunganisha vipimo hivyo na kuchora nyuzi. Mashine haizioni nyuzi zenyewe. Yaziona njia za maji, kama yule mtu aliyeuchora mlima kwa kuambiwa mvua ilikopita.

Mwaka 1994 Peter Basser, James Mattiello na Denis Le Bihan walichapisha hesabu za njia hii. Kitu walichokitumia katika kuijaribu hakikuwa cha anasa: kilikuwa nyama ya nguruwe ya kiunoni, kwa sababu nyuzi zake zajulikana zilivyolala. Nyama ilipowekwa mshazari, vipimo navyo viliufuata mshazari ule.

Faida yake ni nini?

Damu ikizibwa isifike sehemu ya moyo, nyuzi za sehemu hiyo hufa na kovu hukua mahali pake. Uko pia ugonjwa ambao nyuzi za moyo hunenepa na kuvurugika, zikawa kama kuni zilizotupwa ovyo. Kwa picha za njia za maji, waganga huweza kutambua mahali ambapo mpango umeharibika, na mgonjwa angali hai.

Mashine hiyo ni ya thamani kubwa, wala haipatikani machinjioni. Huko mkaguzi wa nyama hutumia njia ya kwanza, kisu na macho. Hupasua misuli ya taya, hutazama ulimi, moyo, bega na kile kiwambo kitengacho kifua na tumbo. Anatafuta vifuko vya tegu, vyenye maji na kidoa cheupe, kiasi cha punje ya hindi, vikaavyo katikati ya nyuzi. Mtu alaye vifuko hivyo vikiwa hai hupata tegu tumboni. Naye akijisaidia malishoni, ng'ombe hula majani yenye mayai ya tegu, na mambo yakaanza upya.

Hata hivyo kisu cha mkaguzi hakiwezi kupita kila mahali, na vifuko vichache huweza kufichika. Kwa hiyo yafaa tushike mambo matatu. Kwanza, tununue nyama yenye muhuri, na ng'ombe wa karamu naye akaguliwe kabla hajagawanywa. Pili, nyama ichomwe au ipikwe mpaka isibaki na wekundu ndani. Tatu, kila boma liwe na choo, nacho kitumike.

Daktari mbele ya mashine yake na mkaguzi mwenye kisu chake hufanya kazi moja. Kila mmoja amejifunza kwanza mpango wa nyuzi ulivyo katika nyama nzima, na kwa ajili hiyo huitambua kasoro mara aionapo.