"Kuwa na", "-enye" na "-a": Istilahi za Uhusiano katika Hifadhidata

1. Utangulizi

Istilahi ikikosewa katika kitabu, msomaji hukwama, akauliza, akasahihishwa. Lakini mtunga programu za kompyuta akiielewa vibaya istilahi, huandika lile alilolielewa, na kompyuta hulitii bila kuuliza. Kosa hilo hukaa ndani ya taarifa za ofisi, na yamkini lisigunduliwe ila baada ya shule au kijiji fulani kukosa kuhesabiwa.

Makala haya yanakusudia kuchunguza kundi moja tu la istilahi, yaani zile zinazohusu modeli na uhusiano wa data katika viunzi vya tovuti vinavyotumia lugha ya PHP. Tutaeleza maana ya maneno ya msingi, tutaonyesha makosa yatokeayo mara kwa mara na namna ya kuyatafuta, kisha tutatoa mapendekezo. Mifano yetu tumeitoa Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, kwa sababu muundo wa utawala wa wilaya hizo mbili unaonyesha bayana tatizo tunalolizungumzia.

2. Maneno ya msingi

Hifadhidata ni mahali data zinapotunzwa kwa mpango. Hifadhidata za aina tunayoizungumzia hapa zimejengwa juu ya nadharia aliyoitoa Edgar F. Codd mwaka 1970, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, data hupangwa katika majedwali, na jedwali moja huunganishwa na jingine kwa thamani zilizomo ndani yake.

Kila kitu kinachoandikwa katika jedwali hupewa kitambulisho chake pekee, nacho tunakiita ufunguo msingi. Kitambulisho hicho kinapoandikwa katika jedwali jingine ili kurejelea kitu hicho, tunakiita ufunguo rejea. Walimu wa sekondari wanalifahamu jambo hili, ijapokuwa kwa jina jingine. Namba ya mtahiniwa wa kidato cha nne huanza kwa namba ya kituo, yaani herufi S na tarakimu nne, ndipo ikafuata namba ya mtahiniwa mwenyewe. Sehemu ile ya kwanza ni rejea: haituambii lolote juu ya mtoto, bali hutuelekeza kwenye shule yake.

PHP ni lugha ya kutungia programu iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf mwaka 1994. Kiunzi ni mkusanyiko wa programu zilizokwisha andaliwa, ambao mtungaji hujenga kazi yake juu yake, kama fundi ajengaye nyumba ya udongo juu ya miti iliyokwisha simamishwa. Katika makala haya tutatumia mfano wa Laravel, kiunzi kilichotungwa na Taylor Otwell na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2011. Katika kiunzi hicho, kila jedwali huwakilishwa na modeli, na ndani ya modeli ndimo uhusiano wake na modeli nyingine unamotajwa.

3. Utata wa "kuwa na"

Kiunzi huyataja mahusiano kwa pande mbili. Upande mmoja husema kwamba kitu hiki kina vile. Upande wa pili husema kwamba kitu hiki ni cha kile. Tofauti hii si ya mapambo, kwa kuwa ndiyo inayoamua ni jedwali lipi litakalobeba ufunguo rejea.

Ugumu wa mfasiri wa Kiswahili huanzia hapa. Kitenzi chetu "kuwa na" hutumika pande zote mbili. Tunasema "mwalimu ana wanafunzi", na pia tunasema "mwanafunzi ana mwalimu". Sentensi zote mbili ni fasaha, wala hakuna hata moja inayotuambia ufunguo uko wapi. Basi mfasiri akitumia "kuwa na" katika pande zote mbili, mwanafunzi anayejifunza kwa tafsiri hiyo hatakosea kwa uzembe. Atakosea kwa sababu lugha aliyopewa imemficha jambo.

Hata hivyo, Kiswahili hakikosi njia. Tunacho kivumishi "-enye" na tunacho kihusishi "-a". Tukisema "kata yenye shule nyingi", twaelewa kwamba kata ndiyo inayokusanya. Tukisema "shule ya kata moja", twaelewa kwamba shule ndiyo inayotegemea. Kwa hiyo tunapendekeza kanuni hii: upande wa "-enye" uitwe jedwali mama, na upande wa "-a" uitwe jedwali tegemezi. Walimu wa sarufi hawatalishangaa neno hili la pili, kwani wamezoea kufundisha kishazi huru na kishazi tegemezi. Nalo jedwali tegemezi, mfano wa kishazi hicho, halijitoshelezi.

Kutokana na hayo, kipimo ni chepesi. Ikiwa yawezekana kusema kwa ukweli "hii ni ya ile moja tu", basi kitu cha kwanza ndicho kinachobeba ufunguo. Shule ni ya kata moja tu. Basi ufunguo wa kata huandikwa katika jedwali la shule. Ikiwa neno "moja tu" halikubaliki upande wowote, kama vile mwalimu afundishaye masomo mengi, na somo lifundishwalo na walimu wengi, basi hakuna jedwali kati ya hayo mawili liwezalo kubeba ufunguo. Hapo huhitajika jedwali la tatu, tunaloliita jedwali kiungo.

4. Wilaya moja, halmashauri mbili

Sasa tuchukulie kwamba mtungaji ameombwa kutengeneza daftari la shule la Mkoa wa Tanga. Anaanza na Pangani, akaona wilaya moja na halmashauri moja. Anatazama Kilindi, Muheza na Mkinga, akaona vivyo hivyo. Anaamua kwamba kila wilaya ina halmashauri moja, naye anaandika uhusiano wa mmoja kwa mmoja.

Afikapo Korogwe kanuni yake inavunjika. Wilaya ya Korogwe ina Halmashauri ya Wilaya ya Korogwe na Halmashauri ya Mji wa Korogwe. Handeni nayo ina Halmashauri ya Wilaya na Halmashauri ya Mji. Lushoto ina halmashauri ya Lushoto na ile ya Bumbuli. Mkoa mzima una wilaya 8, lakini halmashauri zake ni 11.

Jambo la kutisha ni kwamba kiunzi hakitalalamika. Kikiambiwa kilete halmashauri moja ya wilaya, huleta moja kati ya zile zilizopo, aghalabu iliyotangulia kuandikwa, na ya pili huachwa. Taarifa itatoka safi, yenye halmashauri 8, na shule za halmashauri 3 hazitaonekana ndani yake. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea, kwa sababu kwa upande wa kompyuta hakuna kosa lililotendeka.

Kosa la pili linalofanana na hilo ni kutumia jina mahali pa ufunguo. Neno "Handeni" peke yake laweza kuwa wilaya, halmashauri ya wilaya, au halmashauri ya mji. Makuyuni ipo Korogwe, na Makuyuni nyingine ipo Monduli mkoani Arusha. Majina ya mahali ni mali ya wenyeji, wala hayakutungwa ili yatofautishe mistari ya jedwali.

Tena majina na mipaka hubadilika. Hadi mwaka 2002, Kilindi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Handeni. Lau daftari la shule lingekuwa limeandika neno "Handeni" katika kila mstari wa shule, mabadiliko hayo yangelazimu kusahihisha mstari mmoja mmoja. Lakini ikiwa shule inarejelea kata, na kata inarejelea halmashauri, basi hurekebishwa mistari ya kata tu, na shule zote hufuata.

5. Ngeli za majina na kanuni za kiunzi

Watungaji wengi wa kwetu hupenda kuzipa modeli zao majina ya Kiswahili. Jambo hili ni jema, lakini lina mtego wake. Laravel hukisia jina la jedwali kutokana na jina la modeli kwa kuliweka katika wingi, na wingi huo hufuata sarufi ya Kiingereza, ambayo kwa kawaida huongeza "s" mwishoni mwa neno. Modeli ikiitwa Mwanafunzi, kiunzi hutafuta jedwali liitwalo "mwanafunzis". Ikiitwa Kijiji, hutafuta "kijijis". Ikiitwa Shule, hutafuta "shules", ijapokuwa katika Kiswahili umoja na wingi wa neno hilo haubadiliki. Sisi huonyesha wingi mwanzoni mwa neno: mwanafunzi, wanafunzi, kijiji, vijiji. Kiunzi hiki huruhusu kanuni za wingi za lugha nyingine chache, kama Kifaransa, Kihispania, Kireno na Kituruki, lakini Kiswahili hakimo.

Dawa yake si kuiacha lugha yetu. Modeli huruhusu jina la jedwali litajwe waziwazi, nasi twashauri litajwe daima: modeli iwe katika umoja (Mwanafunzi), na jedwali liwe katika wingi (wanafunzi). Jina la ufunguo rejea nalo liundwe kutokana na umoja: "mwanafunzi_id", wala si "wanafunzi_id". Jedwali kiungo hupewa majina ya umoja ya modeli mbili kwa kufuata alfabeti, kama vile "mwalimu_somo".

6. Hatua za kutafuta kosa

Uhusiano unapokataa kufanya kazi, tunashauri dalili zichunguzwe kwa utaratibu ufuatao.

(a) Ujumbe unasema jedwali halipo. Litazame jina linalotafutwa. Likiwa na "s" ngeni mwishoni, taja jina la jedwali ndani ya modeli.

(b) Ujumbe unasema safuwima haipo. Jedwali mama hutafuta ufunguo wake ndani ya jedwali tegemezi. Ama jina la ufunguo limetofautiana, ama pande mbili zimegeuzwa. Irudie sentensi ya "-a" na "moja tu", kisha ulinganishe.

(c) Hakuna ujumbe kutoka hifadhidata, lakini jibu ni tupu. Kosa hili ni la upande wa tegemezi. Upande huo hukisia jina la ufunguo kutokana na jina la tendo la uhusiano lenyewe, wala si kutokana na jina la modeli. Tendo likiitwa "kata", hutafutwa "kata_id". Likiitwa "kataYake", hutafutwa "kata_yake_id". Kiunzi kisipoiona thamani hiyo, hurudisha utupu, na programu ikijaribu kusoma jina la kata isiyokuwapo, hapo ndipo husimama. Majina yakiwa sahihi, chunguza kama kata inayorejelewa imefutwa.

(d) Jibu linakuja, lakini ni pungufu. Hesabu mistari ya jedwali, kisha hesabu mistari ya taarifa. Ikitofautiana, shuku kwamba uhusiano wa mmoja kwa wengi umeandikwa kama mmoja kwa mmoja. Hili ndilo kosa la Korogwe na Handeni.

(e) Jibu ni sahihi, lakini linachelewa mno. Yamkini programu inaleta shule 100 kwa swali moja, kisha inauliza kata ya kila shule peke yake, jumla maswali 101. Kiunzi kikielezwa mapema kwamba kata zitahitajika, huzileta zote kwa pamoja, na maswali hupungua yakawa 2.

7. Mapendekezo ya istilahi

Safuwima: sehemu ya jedwali inayoshuka toka juu hadi chini. Neno "safu" peke yake halifai, kwa kuwa safu ya milima hulala na safu ya gazeti husimama.

Mstari: sehemu ya jedwali inayolala, yenye habari za kitu kimoja.

Ufunguo rejea: ufunguo wa jedwali jingine ulioandikwa humu. "Ufunguo wa kigeni" humfanya msomaji adhani umetoka nchi za nje.

Jedwali mama: upande wa "-enye".

Jedwali tegemezi: upande wa "-a", unaobeba ufunguo rejea.

Jedwali kiungo: jedwali linalounganisha mawili yenye uhusiano wa wengi kwa wengi.

Uhusiano wa mmoja kwa mmoja: tusiseme "moja kwa moja", kwani maneno hayo yana maana nyingine. Basi litokalo Korogwe moja kwa moja hadi Segera halina uhusiano wowote na hifadhidata.

Uletaji wa pamoja: kuleta data za majedwali yenye uhusiano kwa maswali machache yaliyotangulia, badala ya kuuliza kwa kila mstari.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba makosa mengi ya uhusiano wa data hutanguliwa na sentensi ambayo haikusemwa sawasawa. Kwa hiyo tunatoa rai kwamba mtungaji, kabla ya kuandika neno lolote la programu, aandike kila uhusiano kwa sentensi mbili za Kiswahili, moja ya "-enye" na nyingine ya "-a", kisha amsomee mtumishi anayeifahamu kazi hiyo. Ofisa elimu wa Korogwe huenda asijue lolote kuhusu PHP, lakini akisomewa kwamba "wilaya ni yenye halmashauri moja", atalikataa neno hilo papo hapo.

Mapendekezo haya si amri. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wayajaribu katika kazi zao na watoe maoni yao, ili yale yatakayofaa yasanifiwe, na yasiyofaa yaachwe.