Jina Stoneham na Makumbusho ya Kitale

Leo nimeshika kalamu niwaeleze historia ya jina moja la Kiingereza, yaani Stoneham, na mambo waliyotenda baadhi ya waliolibeba.

Muhula uliopita chama chetu kilitoka hapa Bungoma kwenda kuzuru Makumbusho ya Kitale. Ndani ya gari wenzangu walinicheka kwa sababu ya jina langu, Wanjala. Kwetu Wabukusu, Wanjala ni mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa njaa. "Wewe Njaa, leo umebeba chakula?" Jamani, nilikasirika! Ndiyo maana madaftarini nilikuwa naandika jina la Kizungu tu.

Kumbe majina ya Waingereza nayo ni ya kawaida tu! "Stone" ni jiwe, na "ham" katika Kiingereza cha kale ni boma. Karibu na mji wa Southampton, kusini mwa Uingereza, kuna mahali paitwapo North Stoneham. Mtu aliyetoka mahali kama hapo aliitwa kwa jina la kwao, na wanawe wakalirithi.

Wenye jina hilo wengine wamejulikana mbali. Huko Marekani, Horace Stoneham alimiliki timu ya besiboli ya Giants tangu 1936 hadi 1976, akaihamisha kutoka New York hadi San Francisco mwaka 1958.

Anayetuhusu sisi ni Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi wa Kitale. Yeye alipenda kukusanya wadudu, ndege na vitabu, na mwaka 1926 alianzisha makumbusho yake mwenyewe. Alifariki mwaka 1966. Katika wasia wake aliiachia nchi yetu mkusanyo huo pamoja na fedha za kujengea makumbusho mapya. Yalifunguliwa mwaka 1974, nayo yalikuwa ya kwanza ya aina hiyo sehemu za bara, nje ya Nairobi.

Najua mtu ataniuliza, kwani huyu si mlowezi? Ni kweli, walowezi walitwaa ardhi ya Trans Nzoia, na majina yao mengi yameondolewa. Webuye, tulikopitia siku hiyo, paliitwa Broderick Falls. Hoey's Bridge sasa ni Moi's Bridge. Hata makumbusho ya Stoneham leo huitwa ya Kitale, na hiyo ni haki. Lakini kazi aliyoifanya ingali pale, nasi tunaenda kujifunza.

Jioni nilipofika nyumbani nilimwuliza baba, mbona mliniita Wanjala? Akanijibu, "Mwaka ule hatukuvuna kitu, mwanangu, lakini ulizaliwa na ukaishi. Hatukutaka kusahau."

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Tangu siku ile naandika Wanjala juu ya kila daftari. Ndugu msomaji, nawe waulize wazazi maana ya jina lako, kisha ulifanyie kazi. Kwaherini!