Nafuu ya Kodi Ikiondoka, Bei Huenda Wapi?

Tarehe 4 Julai 2025 Rais Donald Trump alitia saini sheria ya bajeti na kodi ambayo, pamoja na mambo mengine mengi, ilifuta nafuu ya kodi waliyokuwa wakipata wanunuzi wa magari ya umeme nchini Marekani. Nafuu hiyo ilifikia dola 7,500 kwa gari jipya na dola 4,000 kwa gari lililokwishatumika. Siku ya mwisho ikawekwa tarehe 30 Septemba. Wanunuzi wakabakiwa na muda usiofika miezi mitatu, na matangazo ya wauzaji yakaanza wimbo mmoja: harakisha, serikali inaondoa pesa yake, ukichelewa umekosa.

Watu waliitika. Cox Automotive, kampuni inayofuatilia soko la magari la Marekani, ilikadiria kwamba kati ya Julai na Septemba yaliuzwa magari mapya ya umeme takriban 438,000, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa katika robo yoyote ya mwaka kabla ya hapo. Robo iliyofuata mauzo yalishuka karibu nusu. Ukiishia kwenye takwimu hizo utadhani kila aliyenunua Septemba alifaidi na kila aliyengoja Oktoba aliumia. Kwa baadhi ya magari ilikuwa hivyo. Kwa mengine haikuwa, na hapo ndipo pa kuchunguza. Kwa familia nyingi gari ndilo deni kubwa kuliko yote baada ya nyumba, na wanaokimbizwa na tangazo la siku za mwisho aghalabu ni wale wasio na akiba ya kufidia wakikosea.

Tarehe 1 Oktoba, siku ya kwanza bila nafuu, Hyundai ilitangaza kwamba bei za gari lake la umeme la Ioniq 5 la toleo la 2026 zinashushwa, baadhi kwa dola 9,800 kamili, na kwamba watakaochukua toleo la 2025 mwezi huo watapewa punguzo la dola 7,500 kutoka kwa kampuni yenyewe. Tarehe 7 Oktoba, Tesla ikaleta Model 3 na Model Y zilizopunguzwa vikorombwezo, kwa dola 36,990 na 39,990. Mtu aliyetia saini mwisho wa Septemba kwa gari asilolipenda sana, kwa hofu tu ya kukosa dola 7,500, alikuwa na haki ya kuuliza alichokimbilia.

Jibu liko katika namna bei inavyopangwa. Nafuu ya kodi huandikwa kwa jina la mnunuzi, lakini haiishii yote mfukoni mwake. Kampuni ilijua kwamba mnunuzi anayeingia ana dola 7,500 za serikali nyuma yake, na bei ilipangwa kwa kulijua hilo. Siku nafuu inapoondoka viwanda haviondoki. Magari yamejaa yadini, na muuzaji ameyachukua kwa mkopo wenye riba inayohesabiwa kila siku. Asiposhusha bei atakaa nayo. Hata hivyo si lazima ashushe kwa kiasi chote kilichoondolewa, na gari lenye orodha ndefu ya wanaolingoja huenda lisishuke hata senti. Kwa hiyo kabla ya kutazama kalenda ya serikali, mnunuzi atazame yadi: aina anayoitaka imejaa, au haipatikani?

Mfano wa zamani kidogo unaonyesha jambo hili kwa namba. Sheria ya Marekani iliyotangulia ilianza kupunguza nafuu baada ya kampuni kuuza magari 200,000 nchini humo. Tesla ilifika huko mwaka 2018, na tarehe 1 Januari 2019 nafuu ya wanunuzi wake ikashuka kutoka dola 7,500 hadi 3,750. Kesho yake Tesla ikapunguza bei kwa dola 2,000. Mnunuzi alipoteza 3,750 upande wa serikali na kurudishiwa zaidi ya nusu yake upande wa kampuni, ndani ya saa 48.

Lakini hakuna kipindi kinachofundisha zaidi ya majira ya Desemba 2022 na Januari 2023. Sheria mpya ya Agosti 2022 ilirejesha nafuu kwa wateja wa Tesla na General Motors kuanzia Januari 2023, ikiwa na masharti. Gari la kawaida lisizidi dola 55,000, na magari makubwa ya familia na pikapu yasizidi 80,000. Mnunuzi asiye na ndoa asiwe na kipato cha zaidi ya dola 150,000 kwa mwaka, na wanandoa wanaowasilisha hesabu pamoja wasizidi 300,000. Desemba watu wakaacha kununua, wakingoja mwaka mpya. Ili kuwavuta, Tesla ikawapa punguzo la dola 7,500 wale wote watakaochukua Model 3 au Model Y kabla ya mwaka kwisha. Ilionekana kama busara kukubali: punguzo ni lile lile, tena halina masharti ya kipato.

Katikati ya Januari Tesla ikashusha bei. Model Y Long Range ikatoka dola 65,990 hadi 52,990, chini ya kikomo cha 55,000, na kwa hiyo ikastahili nafuu ya serikali. Tupige hesabu. Aliyenunua Desemba alilipa 65,990 kutoa 7,500, yaani 58,490. Aliyenunua wiki chache baadaye, na kipato chake kikiwa ndani ya masharti, alilipa 52,990 kutoa 7,500, yaani 45,490. Tofauti ni dola 13,000 kwa gari lile lile. Na thamani ya kuuza tena kwa wote waliokwisha kulinunua ikaporomoka siku hiyo hiyo, maana hakuna atakayenunua lililotumika kwa bei ya jipya. Mapema Februari Wizara ya Fedha ikabadilisha namna ya kuyapanga magari, Model Y zote zikahesabiwa kuwa magari makubwa ya familia, chini ya kikomo cha 80,000, na Tesla ikapandisha tena bei kidogo. Kisha tarehe 18 Aprili yakaanza masharti kuhusu mahali yanakotoka madini na vipuri vya betri, na magari mengi yakapoteza nusu ya nafuu au yote.

Sisemi kwamba mwananchi wa kawaida angeweza kuyatabiri hayo. Nasema kwamba aliyenunua Desemba kwa sababu gari lake la zamani limekufa na kazini hafiki, huyo alinunua kwa sababu iliyosimama hata bei iliposhuka. Aliyenunua ili tu apate punguzo alijenga juu ya kitu ambacho mwenye kukitoa angeweza kukibadilisha asubuhi yoyote.

Tarehe zilizomo ndani ya sheria ni jambo jingine, na hapa uzembe hauna msamaha. Swali la kwanza si nafuu inakwisha lini. Swali ni tendo gani linahesabiwa: kutia saini, kulipa, kukabidhiwa gari, au kulisajili? Kwa nafuu ya 2025, mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, ilitoa ufafanuzi mwezi Agosti: anayekuwa na mkataba wa maandishi unaofunga na aliyekwisha kulipa chochote, hata arubuni ndogo au kutoa gari lake la zamani kama sehemu ya malipo, kabla ya Septemba kwisha, amehesabiwa, hata kama gari litamfikia baadaye. Aliyeusoma ufafanuzi huo hakuwa na sababu ya kuchukua gari la rangi na aina yoyote lililobaki yadini. Aliweza kuagiza alitakalo. Muuzaji naye alitakiwa kuandikisha mauzo kwenye mfumo wa IRS ndani ya siku 3 na kumpa mnunuzi nakala. Nakala hiyo ilikuwa na uzito kuliko ahadi zote za mdomo, kwa kuwa bila taarifa kufika kwenye mfumo nafuu ilikataliwa.

Ujerumani walionja upande wa pili. Huko ruzuku iliombwa baada ya gari kusajiliwa, haikutosha kuwa umeliagiza. Novemba 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha hatua ya serikali ya kuhamishia euro bilioni 60 kwenye mfuko wa tabianchi, na mfuko huo ndio uliolipia ruzuku. Jumamosi ya tarehe 16 Desemba ikatangazwa kwamba maombi yatapokelewa hadi kesho yake tu. Waliokuwa wameagiza magari miezi mingi nyuma, wakisubiri kiwanda, waliachwa njiani. Baadhi ya kampuni za magari zilibeba hasara hiyo kwa niaba ya wateja wao, nazo zinastahili kusifiwa, lakini raia hapaswi kutegemea ukarimu wa muuzaji pale serikali yake ilipomwahidi. Mwaka 2023 Wajerumani walisajili magari mapya ya umeme 524,219. Mwaka 2024 yakawa 380,609.

Mnunuzi asiharakishe pia kwa sababu ya muswada. Mwezi Mei 2025 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha andiko ambalo kwa kampuni nyingi lingemaliza nafuu mwisho wa Desemba. Juni, Seneti ikazungumzia siku 180 baada ya sheria kusainiwa. Iliyopita ni Septemba 30. Wasomaji wa Kenya hawahitaji kuelezwa sana: Mei 2024 Muswada wa Fedha ulikuja na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Kodi hiyo ikaondolewa bungeni, na mwishowe muswada wote ukarudishwa bila saini baada ya maandamano. Aliyeuza au kununua gari kwa kufuata gazeti la mwezi huo alifuata sheria ambayo haikuwahi kuwapo.

Kuna hesabu moja ambayo matangazo ya nafuu huifunika, nayo ni riba. Chukua mkopo wa dola 40,000 wa miaka 5 kwa riba ya asilimia 7. Malipo ni karibu dola 792 kwa mwezi, na mwisho wa safari riba peke yake imekula kama dola 7,500. Ni sawa na nafuu yote ya serikali. Kampuni zinapotaka kusukuma magari ya umeme hutoa mikopo isiyo na riba, hasa mwisho wa robo ya mwaka zinapokaribia kutangaza mauzo, au toleo jipya linapokaribia kufika. Mtu aliyepata mkopo wa riba sifuri Novemba, bila nafuu ya kodi, anaweza kuwa mbele ya jirani aliyepata nafuu Septemba kwa mkopo wa asilimia 7. Tahadhari ni kwamba mara nyingi unalazimika kuchagua kati ya riba sifuri na punguzo la fedha taslimu. Uliza bei ya yote mawili, uandikiwe, kisha ujumlishe malipo yote hadi mwezi wa mwisho.

Sheria hiyo hiyo ya Julai 2025 iliacha mlango mmoja: hadi mwaka wa kodi 2028, riba ya mkopo wa gari jipya lililounganishwa Marekani, isiyozidi dola 10,000 kwa mwaka, yaweza kuondolewa kwenye kipato kinachotozwa kodi, wenye kipato kikubwa wakipunguziwa haki hiyo. Hii haipunguzi kodi dola kwa dola kama nafuu ya zamani. Inapunguza kipato kinachohesabiwa tu, kwa hiyo faida yake halisi ni ndogo sana kuliko tarakimu inayotajwa.

Kinachoniuma katika historia hii ni mpangilio wa nani alinufaika. Kwa miaka mingi nafuu haikuweza kuzidi kodi ambayo mtu anadaiwa mwaka huo. Msaidizi wa wauguzi au dereva wa teksi mwenye watoto, anayedaiwa kodi ya dola 1,500, alipata 1,500. Mwenye mshahara mnono alipata 7,500 zote. Ilipofika Januari 2024 ndipo mnunuzi alipoweza kumwachia muuzaji nafuu hiyo na kukatiwa bei papo hapo, kiasi chote, hata kama kodi yake ni ndogo. Utaratibu huu, ulio wa haki kuliko yote, ulidumu miezi 21. Ilipaswa kuwa kinyume: kilichoanza na wenye nacho kingemalizika kwanza, na cha mnyonge kingebaki.

Kwa mnyonge huyo sasa njia iliyobaki ni gari lililotumika, na wakati unaweza kuwa upande wake. Tangu 2023 magari mengi ya umeme yalitoka kwa mikataba ya kukodi ya miaka miwili au mitatu, kwa kuwa nafuu ya magari ya biashara iliwapitia wenye kukodisha bila masharti ya kipato wala ya mahali pa kuunganishia. Magari hayo yanarudi yadini kwa wingi kuanzia 2026, na wenyewe wanahitaji kuyauza. Mwaka 2024 Hertz, kampuni ya kukodisha magari, ilipotangaza kuuza magari yake 20,000 ya umeme, Model 3 nyingi ziliuzwa chini ya dola 25,000. Anayekwenda kulitazama gari la namna hiyo aombe ripoti ya afya ya betri, aangalie tarehe gari lilipoanza kutumika, kwa sababu dhamana ya betri kwa kawaida ni miaka 8 au maili 100,000 na huhesabiwa tangu siku hiyo, na aulize kwa maandishi kama dhamana inahamia kwa mmiliki mpya.