Mganga hajigangi: Nani humjulia hali mchungaji wako?

Hebu jiulize. Mara ya mwisho ulipompigia mchungaji wako simu, ulitaka nini? Maombi ya mtihani? Sahihi kwenye fomu ya basari? Na ni lini ulimpigia kumuuliza tu, "Umeshindaje?"

Mimi ni binti wa mchungaji, na nitakwambia ukweli: hata sisi wa nyumbani hatukuwa tunamuuliza.

Baba alihudumu katika kanisa la mabati hapa Kitengela. Kama umekulia mji huu unaujua: maploti, vumbi, matatu za Nairobi alfajiri na watu kutoka kila pembe ya Kenya. Jirani akifiwa, aliitwa baba. Mume na mke wakikosana usiku wa manane, baba tena. Chai yetu ilinywewa na nusu ya mtaa.

Kisha ikaja corona. Jumapili, Machi 22, 2020, serikali ilitangaza kufungwa kwa maabadi. Aprili 6, Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku kuingia na kutoka eneo la jiji la Nairobi. Wengi walidhani ni Nairobi peke yake. Kumbe mpaka ulijumuisha Kitengela, Rongai, Kiserian na Ngong! Mji wa Kajiado ukabaki nje. Kaunti ni moja, lakini sisi tulikuwa ndani, nyanya nje.

Nyanya, mamake baba, aliishi Kajiado. Ni safari ya kama saa moja hivi kwa barabara ya Namanga, unapita Isinya na umefika. Baba alizoea kumtembelea kila Jumatatu, siku yake ya mapumziko. Sasa kulikuwa na kizuizi cha polisi katikati.

Hapo ndipo nilipomjua baba upya. Bila ibada hakuna sadaka, na bila sadaka hakuna mshahara. Mama akaanza kuuza mayai mlangoni. Kaka yangu, chuo kikiwa kimefungwa, akashika bodaboda ya rafiki yake. Baba naye alihubiri mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai, akitabasamu. Akizima simu, tabasamu linaisha. Ujumbe uliendelea kumiminika: tuombee, tusaidie kodi. Aliwaombea wote. Usiku nilimsikia akitembea sebuleni peke yake.

Usidhani imani ilikuwa imemwisha. Alikuwa amechoka tu, na kuchoka si dhambi. Kitabu cha Kutoka kinasimulia jinsi mikono ya Musa ilivyolemewa wakati wa vita na Waamaleki. Haruni na Huri wakamtafutia jiwe la kukalia, wakamshikilia mikono hadi jua likatua. Kama Musa alihitaji watu wawili na jiwe, sembuse mchungaji wa Kitengela?

Aliyeshika mikono ya baba ni nyanya. Kila jioni kabla ya kafyu alimpigia kwa kabambe yake. Siku moja baba alikuwa akimenya viazi, akaweka simu kwenye spika. Akaanza kama kawaida, "Mama, tuombe." Nyanya akamkatiza, "Wewe umekula?"

Kimya.

"Na jana ulilala?"

Kimya tena. Kisha baba, mtu mzima wa miaka 61, akalia juu ya karai la viazi. Nyanya hakumhubiria. Alimngoja amalize, ndipo akamwombea, akimwita kwa jina lake la utotoni.

Makanisa yalipofunguliwa Julai, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja, na wenye umri wa chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wasihudhurie. Baba akabaki nyumbani, vijana wakaongoza ibada. Asubuhi hiyo alivaa suti yake, akaketi uani kwenye kiti cha plastiki. Tulidhani angeumia. "Leo na mimi nimechungwa," akasema, akacheka.

Machi 26, 2021, Rais alifunga tena. Safari hii Kajiado nzima iliwekwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Nakuru, na ibada za ana kwa ana zikasitishwa. Lakini barabara ya kwa nyanya ilikuwa wazi. Alikuwa mgonjwa, na baba alikaa naye hadi mwisho. Alipofariki Aprili, kanuni zilitaka mazishi yafanyike ndani ya saa 72. Jamaa wakamwomba baba ahubiri. Akakataa.

"Nimezika mama za watu miaka yote hii," aliwaambia. "Leo mimi ni mtoto."

Mchungaji mwenzake akaongoza. Baba akaketi nasi mstari wa mbele, akalia kama mtu mwingine yeyote.

Siku hizi amestaafu, anafuga kuku, na mama anadai kuku hao ndio washirika wake wapya. Mimi nimebaki na swali la nyanya.

Basi Jumatatu ijayo chukua simu. Mpigie mchungaji wako, au imamu, au yule rafiki ambaye nyote humkimbilia mambo yakiharibika. Usimwombe kitu. Muulize kama amekula, kisha umngoje ajibu.