Fahamu: Kwa nini majina ya wanawake weusi ni adimu makumbushoni

Sketi za ngozi zilizorembwa kwa shanga za wanawake wa Kiiraqw, watu wa Babati na Mbulu, zimehifadhiwa katika makumbusho ya ng'ambo. Lebo mara nyingi hutaja kabila. Jina la mwanamke aliyezitunga shanga zile moja moja halimo. Hata kwenye sanaa ya leo pengo lipo: uchunguzi wa makumbusho 31 ya Marekani ulionyesha kuwa kati ya 2008 na 2020, kazi za wanawake zilikuwa asilimia 11 tu ya zilizopokelewa, na za wanawake Wamarekani weusi asilimia 0.5.

Wapo wanaosema makumbusho huangalia ubora, si jinsia wala rangi. Hoja hiyo ingesimama kama mlango ungekuwa wazi kwa wote. Lubaina Himid, msanii mzaliwa wa Zanzibar, aliandaa maonyesho ya wanawake weusi London tangu miaka ya 1980. Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, aliipata 2017 akiwa na miaka 63, mwaka uleule ukomo wa umri wa miaka 50 kwa wasanii wanaoiwania ulipoondolewa. Kipaji alikuwa nacho siku zote. Kilichobadilika ni kanuni. Makumbusho yetu nayo yabadili kanuni: kila kazi inayopokelewa leo iandikiwe jina la aliyeitengeneza.