"Sikukusudia" haitoshi: mfundishe mwanao kabla hajaokota jiwe

Kelele za "Mwizi! Mwizi!" zinasikika mtaani. Kijana wa miaka 17 anaacha sahani yake, anatoka mbio, anarusha jiwe moja, kisha anarudi kumalizia chakula. Kulipokucha, aliyepigwa amefariki. Mama anamtetea mwanawe: "Hakukusudia, tena hakuwa peke yake."

Utetezi huo hautoshi. Chini ya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kosa la kuua kwa kukusudia halihitaji mtu awe amepanga kuua. Inatosha kwamba alitaka kumjeruhi mwenzake vibaya, au alijua kitendo chake huenda kikaua. Kwa kuwa nia haionekani kwa macho, mahakama huangalia silaha iliyotumika, idadi ya mapigo, sehemu ya mwili iliyolengwa na maneno yaliyotamkwa.

Wingi wa watu nao si kinga. Walioungana kwa lengo moja ovu wanaweza kutiwa hatiani wote, hata isipojulikana ni jiwe la nani lililoua.

Adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa. Kuua bila kukusudia kunaweza kufikia kifungo cha maisha. Aliye chini ya miaka 18 hahukumiwi kunyongwa, lakini kushtakiwa anashtakiwa.

Mzazi, zungumza na mwanao leo. Akisikia kelele hizo, asikimbilie jiwe. Amwite mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, au apige simu polisi, namba 112.