Pumzi ndiyo silaha ya kwanza ya mlenga shabaha kwa upinde

Na Mwandishi Wetu

AGOSTI 4, 2024, jijini Paris, Kim Woo-jin wa Korea Kusini na Brady Ellison wa Marekani walimaliza seti tano za fainali ya Olimpiki ya kulenga shabaha kwa upinde wakiwa sare ya 5-5. Kila mmoja akapewa mshale mmoja wa kuamua mshindi. Mishale yote miwili ikaingia katika eneo la pointi 10, ikabidi vipimo vitumike. Kim alitwaa dhahabu kwa kuwa mshale wake ulikuwa karibu zaidi na kitovu kwa milimita 4.9.

Tofauti hiyo haifikii unene wa penseli ya mwanafunzi, na mishale hiyo ilirushwa kutoka umbali wa mita 70.

Hesabu yake ni rahisi kuielewa. Mshale una urefu wa sentimita 70 hivi. Mkia wake ukisogea kando kwa milimita moja tu huku ncha imetulia, mshale utapotoka kwa takriban sentimita 10 utakapofika shabahani. Duara la pointi 10 lina kipenyo cha sentimita 12.2, yaani kutoka kitovuni hadi ukingoni ni sentimita 6.1 tu. Milimita moja mkononi basi yatosha kumnyima mtu pointi hiyo.

Na hakuna kitu kinachousogeza mwili bila kukoma kama pumzi. Mtu avutapo hewa, mbavu hupanuka na mabega huinuka. Upinde nao umeegemezwa kwenye bega. Ndiyo maana hakuna mlengaji makini anayeachia mshale huku kifua chake kingali kinapanda au kushuka.

Hapo ndipo wanaoanza hukosea. Wakiambiwa watulize kifua, huvuta hewa nyingi kadiri wawezavyo na kuibana. Kifua kilichojaa pomoni huinua mabega na kukaza shingo, na misuli ya mgongo, ambayo ndiyo ipasayo kubeba uzito wa upinde, hukosa nafasi ya kufanya kazi yake. Wengine hutoa hewa yote, nao kiwiliwili hulegea na haja ya kuvuta pumzi huwajia kabla hawajalenga.

Njia ifundishwayo mara nyingi ipo katikati ya hayo mawili. Mlengaji huvuta hewa kwa pua, taratibu, tumbo likitangulia kujaa kabla ya kifua, huku akiinua upinde. Anapovuta ugwe huiachia sehemu ya hewa hiyo itoke kimya kimya. Mkono unapotua chini ya kidevu, mapafu huwa yamebaki na nusu hivi ya hewa, na hapo pumzi husimama yenyewe bila kukazwa. Makocha hawafanani katika hatua hizi. Wapo wanaotaka hewa itolewe baada tu ya mkono kutua. Wote hukubaliana kwamba kifua kiwe kimetulia mshale unapoondoka.

Utulivu huo haudumu. Kinachomsukuma mtu kuvuta pumzi ni kuongezeka kwa hewa ukaa katika damu, na huanza kumsumbua mlengaji mapema kwa sababu misuli yake inafanya kazi nzito. Mshale uondoke ndani ya sekunde chache. Zikikaribia kumi, mikono huanza kutetemeka, na ni heri kushusha upinde na kuanza upya. Tatizo ni kwamba katika mechi za ana kwa ana kila mshale hupewa sekunde 20 tu, na anayeshusha upinde amechelewa hukosa muda wa kujaribu tena.

Upo pia moyo. Mapigo yake huongezeka kidogo mtu avutapo pumzi na kupungua aitoapo. Kwa hiyo, kati ya mshale na mshale, wengi huvuta hewa kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, watazamaji wa televisheni walionyeshwa mapigo ya moyo ya walengaji. Dawa ziitwazo beta-bloka, ambazo hupunguza mapigo hayo, zimepigwa marufuku katika mchezo huu, hata nje ya mashindano. Pumzi haikatazwi na yeyote, wala hainunuliwi.

Hilo lina uzito kwetu, ambako vifaa vya mchezo huu ni ghali na wachezaji ni wachache. Shehzana Anwar aliiwakilisha Kenya mjini Rio de Janeiro mwaka 2016, na ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake. Asiye na upinde aweza kuanza na kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli: akivute hadi kidevuni, aipange pumzi, ahesabu hadi tano, kisha akirudishe polepole. Mwenye upinde asiachie ugwe bila mshale, maana nguvu yote hurudi katika upinde wenyewe na huweza kuuvunja.

Wenye shinikizo la damu wamwone daktari kwanza, kwani kubana pumzi huku mtu akivuta uzito hulipandisha kwa ghafla.